Hewa ya Vyumba vya Chini: Kwa Nini Radoni Ipimwe na Mtaalamu

Baridi ya Julai inapotanda Nairobi, redio na magazeti hutukumbusha jambo ambalo sote tunalijua na bado kila mwaka linawaua watu: usilale na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa. Ni onyo la haki, kwa sababu kaboni monoksidi huua kwa usiku mmoja, na mara nyingine huondoka na familia nzima. Hata hivyo, onyo hilo limetuzoesha kuamini kwamba gesi ya hatari nyumbani ni ile tu inayotokana na kitu tulichokiwasha wenyewe, na kwamba ukishazima jiko na kukaza mtungi wa gesi, hewa iliyobaki haina neno. Ipo gesi nyingine isiyohitaji moto wala mtungi. Hutoka ardhini, chini ya sakafu, usiku na mchana. Haina rangi, harufu wala ladha. Haimkoholeshi mtu wala kumuumiza kichwa. Na madhara yake, yakija, huja baada ya miaka mingi, wakati mgonjwa na daktari wake hawana sababu ya kuulizia nyumba aliyowahi kulala. Gesi hiyo ni radoni.

Nilianza kuifuatilia kwa makini baada ya dada yangu na mumewe kununua nyumba upande wa Kabete. Nyumba hiyo imejengwa kwenye mteremko, kama zilivyo nyingi za maeneo yale ya migongo na mabonde, hivi kwamba ukiingia kwa mlango wa mbele unajikuta sebuleni, na ukishuka ngazi unafika katika vyumba viwili ambavyo ukuta wao wa nyuma umeegemea udongo moja kwa moja. Huko ndiko wanakolala watoto. Shemeji yangu ana ndugu anayeishi Minnesota, nchini Marekani, ambako kuulizia radoni wakati wa kununua nyumba ni jambo la kawaida kama sisi tunavyoulizia hati ya ardhi. Alipotumiwa picha za nyumba, swali lake la kwanza halikuwa juu ya bei wala majirani. Aliuliza kama vile vyumba vya chini vimepimwa. Hakuna aliyekuwa na jibu, na nadhani nyumba chache sana za mji huu zina jibu.

Asili ya gesi yenyewe si ya kutatanisha. Karibu kila mwamba na kila udongo duniani una chembechembe za uraniamu, na uraniamu huvunjika polepole mno, kwa mabilioni ya miaka, ikigeuka kuwa elementi nyingine moja baada ya nyingine. Katika mlolongo huo huzaliwa radiamu, na radiamu ikivunjika hutoa radoni. Wazazi wote wa radoni ni vitu vigumu vinavyobaki ndani ya mwamba, lakini radoni ni gesi, na gesi hutembea. Nusu ya kiasi chochote cha radoni hutoweka kila baada ya siku 3.8, muda unaotosha kabisa kupenya kwenye matundu ya udongo, kupita kwenye ufa wa sakafu na kufika chumbani. Huko ndani ikivunjika, huzaa chembe za poloniamu, risasi na bismathi, ambazo ni vitu vigumu tena na hujishikiza kwenye vumbi la hewani. Radoni tunayoivuta, sehemu kubwa tunaitoa tena kwa pumzi. Wanaobaki ni watoto wake, ambao hukwama kwenye njia za hewa za mapafu na kutoa papo hapo miale ya alfa, yaani mionzi isiyofika mbali inayorushwa na atomu inapovunjika. Mwale wa alfa hauwezi kupenya karatasi wala ngozi ya nje ya mwili. Lakini ndani ya pafu hakuna karatasi wala ngozi ya nje, kuna utando laini wa seli hai tu.

Ushahidi wa madhara haya haukuanzia majumbani. Ulianzia migodini. Wachimba madini wa Schneeberg, Ujerumani, walijulikana kwa karne kadhaa kuwa wanakufa kwa ugonjwa wa kifua usio na jina, na mwaka 1879 madaktari wawili, Härting na Hesse, walionyesha kwamba ulikuwa uvimbe wa saratani kwenye mapafu. Radoni yenyewe ilikuwa bado haijatambuliwa. Hilo lilifanyika mwaka 1900, kwa kazi ya Friedrich Ernst Dorn. Wazo kwamba hata nyumba ya kawaida inaweza kuwa na hewa kama ya mgodi liliushtua umma wa Marekani mwaka 1984, pale mhandisi Stanley Watras alipokuwa akiviamsha vipima-mionzi vya kituo cha nyuklia cha Limerick, Pennsylvania. Uchunguzi ulionyesha kwamba mionzi hakuitoa kituoni. Alikuja nayo kutoka nyumbani kwake, ambako hewa ilikuwa na takriban bekereli 100,000 kwa kila mita ya ujazo. Bekereli moja ni atomu moja inayovunjika kila sekunde. Hewa ya nje, kwa kawaida, huwa na bekereli 5 hadi 15 kwa mita hiyo hiyo, na wastani wa majumbani duniani ni karibu 40. Mwaka 1988, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka radoni katika kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu, na leo hii inahesabiwa kuwa chanzo cha pili cha saratani ya mapafu baada ya sigara katika nchi nyingi.

Sasa turudi kwetu. Nairobi imekaa juu ya miamba ya volkano iliyomwagwa wakati Bonde la Ufa lilipokuwa likifunguka: fonolaiti, trakaiti, na majivu ya volkano yaliyoshikamana yakawa tafu. Miamba ya jamii ya trakaiti na fonolaiti kwa kawaida hubeba uraniamu na thoriamu nyingi kuliko basalti. Hilo peke yake halimaanishi kwamba nyumba zetu zina radoni nyingi, na yeyote anayekuambia kwamba Nairobi yote iko hatarini kwa sababu ya volkano anaruka hatua tatu au nne. Kinachoamua ni kiasi cha gesi kinachoweza kuponyoka kwenye chembe za mwamba, urahisi wa kupita kwenye udongo, na jinsi nyumba ilivyokutana na ardhi. Kwa hiyo nyumba mbili za jirani, zilizojengwa juu ya mwamba ule ule na fundi yule yule, zinaweza kutoa vipimo vinavyopishana mno. Ramani ya jiolojia hukuonyesha pa kuanza kutafuta, lakini haiwezi kukuambia hewa ya chumba chako ikoje.

Yeyote aliyewahi kusimamia ujenzi hapa atanielewa nikizungumzia msingi. Upande wa mashariki na kusini mwa mji kuna udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba ukinyeshewa na kupasuka ukikauka. Ukilowa, huizuia gesi vizuri. Ukipasuka, huifungulia njia. Lakini mafundi hawajengi juu yake. Huuchimba na kuuondoa hadi wafike kwenye murram au mwamba, kisha hujaza mawe yaliyovunjwavunjwa, ambayo kwenye mjengo huitwa hadikoo, na juu yake hutandazwa karatasi ya nailoni ya geji 1000 na kumwagwa zege la sakafu. Upande wa magharibi, kwenye udongo mwekundu wa Kabete na Kikuyu, hadikoo hutumika vile vile. Tazama basi kilichotengenezwa bila mtu kukusudia: tabaka la mawe lenye nafasi nyingi za hewa, pana kama nyumba yenyewe, limewekwa kati ya ardhi na sakafu. Gesi inayopanda hukusanyika humo kwa urahisi. Nailoni ingeizuia kwa sehemu kubwa, kama isingetobolewa na mabomba ya maji taka, kuchanwa na toroli, na kukatwa vipande visivyopandana vizuri kwenye kona. Nimeona ikitandazwa huku mafundi wakitembea juu yake na viatu vya matope na koleo mkononi. Kwa unyevu pengine inatosha.

Nyumba nayo husaidia kuivuta gesi. Usiku wa Nairobi ni wa baridi, na hewa ya ndani huwa na joto kuliko ya nje. Hewa ya joto hupanda na kutokea juu, hivyo shinikizo la chini hupungua kidogo, na kile kidogo kinatosha kunyonya hewa ya udongoni kupitia ufa wa sakafu, maungio ya ukuta na zege, na nafasi zilizoachwa kandokando ya mabomba. Hii ndiyo sababu radoni kwa kawaida hupanda usiku, hufika kilele karibu na alfajiri, na hushuka mchana madirisha yakifunguliwa. Yaani kiwango huwa juu hasa katika saa zile ambazo watu wamelala vyumbani.

Hapo ndipo hukutana na pingamizi ninalolisikia mara nyingi, nalo si la kipuuzi: nyumba zetu si kama za Ulaya, hatufungi madirisha miezi sita, zina hewa ya kutosha. Kwa sehemu kubwa ni kweli. Nyumba ya zamani ya Nairobi yenye matundu ya hewa ya kudumu juu ya kila dirisha, na milango inayopitisha mwanga chini, inajipunguzia radoni bila kujua. Lakini tembelea nyumba zinazojengwa sasa. Madirisha ni ya alumini yanayoteleza na kuziba sawasawa. Matundu hayapo, au yalikuwepo yakazibwa kwa magazeti, kwa plasta au kwa mbao kwa sababu ya mbu, vumbi, kelele za barabara na baridi. Usiku watu hufunga kila kitu, wengine kwa hofu ya wezi. Vyumba vya chini ya usawa wa ardhi, ambavyo zamani vilikuwa nadra, sasa ni ofisi, studio, vyumba vya mazoezi, na kwenye miteremko ni vyumba vya kulala. Kusema kwamba nyumba zetu zina hewa ni kueleza desturi ambayo wengi wetu tumekwisha kuiacha. Na hata penye hewa, hiyo bado ni dhana inayosubiri kupimwa.

Jiwe la kujengea nalo limezua maswali. Kuta nyingi za Nairobi ni za jiwe la kuchonga la asili ya volkano, lile la kijivu linaloletwa kwa malori kutoka machimbo ya Ndarugo na kwingineko. Jiwe kutoa radoni si jambo la ajabu. Sweden, tangu mwaka 1929 hadi 1975, ilitengeneza zege jepesi kwa mwamba wa shale wenye uraniamu nyingi, na bado inaishi na nyumba ambazo kuta zake ndizo chanzo. Lakini katika nyumba nyingi duniani ardhi ndiyo mchangiaji mkubwa, na ukuta huja nyuma yake kwa mbali. Maji ya visima virefu, ambayo wengi wetu tunayategemea mgao wa mji unapokatika, nayo yanaweza kubeba radoni na kuiachilia bafuni. Ila maji yakishakaa siku kadhaa kwenye tangi la juu ya paa, sehemu ya gesi huwa imetoroka na nyingine imekwisha kuvunjika yenyewe. Hapa tangi letu la plastiki linatufanyia kazi ambayo hatukulinunulia.

Kwa dada yangu, hatua ya kwanza ilikuwa kununua kifaa kidogo cha kidijitali mtandaoni. Kilifika, kikawekwa kwenye rafu iliyotundikwa ukutani, na baada ya siku moja kikaonyesha namba iliyowaogopesha, siku iliyofuata namba iliyowatuliza, na siku ya tatu ikapanda tena. Sivibezi vifaa hivi. Baadhi ni vizuri, na mtu mwenye subira anayeacha kifaa mahali pamoja kwa mwezi mmoja au zaidi hupata picha yenye maana. Shida ni kwamba kifaa kidogo huhesabu atomu chache kwa saa, na kwenye viwango vya chini namba ya siku moja hupanda na kushuka kwa bahati tu, hata kama hewa haijabadilika. Shida ya pili ni mahali kilipowekwa. Thoriamu iliyomo kwenye mawe ya volkano huzaa gesi ya jamii hiyo iitwayo thoroni, ambayo nusu yake hutoweka kwa sekunde 56 hivi. Kwa kuwa haiishi muda mrefu, thoroni haifiki mbali na ukuta inakotoka; lakini kifaa kilichobandikwa karibu na jiwe kinaweza kuihesabu na kuijumlisha na radoni. Kwa hiyo mtu aliyeweka kifaa kwenye rafu ya ukutani huenda alikuwa akipima ukuta, na mtoto aliyelala katikati ya chumba alikuwa akivuta hewa nyingine.

Mtaalamu aliyekuja baadaye alikuwa mtu wa fizikia, mpole na asiye na haraka, na jambo la kwanza alilolifanya halikuhitaji kifaa chochote. Alizunguka nyumba akiuliza maswali: nani analala wapi, madirisha yapi hufunguliwa na saa ngapi, matundu yalizibwa lini, bomba la choo linapita wapi, maji yanatoka wapi. Shemeji yangu, ambaye alikuwa amejiandaa kwa jambo la saa mbili, alimuuliza, "Mtaalamu, si ukiacha mashine yako hapa usiku mmoja utakuwa umejua?" Akamjibu, "Nitakuwa nimejua ya usiku huo, mzee."

Radoni hubadilika kwa saa, kwa siku na kwa msimu. Mvua kubwa, upepo, baridi, mgeni aliyependa madirisha wazi, vyote huacha alama. Kinachohusiana na saratani ni wastani wa miaka, kwa hiyo kukadiria hali ya nyumba kwa usiku mmoja ni kama kukadiria bili ya umeme ya mwaka mzima kwa kusoma mita siku ya Krismasi. Ndiyo maana aliweka aina mbili za vipimo. Ya kwanza ilikuwa mashine inayorekodi mfululizo kila saa, aliyoiacha kwa siku kadhaa katika kila kiwango cha nyumba ili aone mwendo: lini inapanda, lini inashuka, na kama kuna jambo la ghafla linalohitaji kuelezwa. Ya pili ilikuwa vidubwasha vidogo vya plastiki visivyotumia umeme, ambavyo vilibaki mahali pake kwa miezi kadhaa. Ndani yake kuna kipande cha plastiki ambacho kila mwale wa alfa unaokigonga huacha jeraha dogo lisiloonekana kwa jicho. Maabara hukichovya kwenye magadi makali, majeraha yakapanuka, kisha huyahesabu chini ya hadubini. Alivitundika mbali na kuta, mbali na dirisha, zaidi ya nusu mita kutoka sakafuni, katika vyumba ambavyo watu huishi, si jikoni wala bafuni. Mahali pamoja aliweka viwili sambamba ili alinganishe majibu, na kimoja hakukifungua kabisa, kikae kimezibwa, ili ijulikane ni majeraha mangapi yaliyotokana na safari na uhifadhi. Sidhani kama mimi, au yeyote tuliyekuwa naye pale, angefikiria kulipia kifaa ambacho hakitapima kitu. Lakini kifaa hicho ndicho kinachokupa haki ya kuviamini vile vingine.

Nchi nyingine hutumia zaidi vikopo vya mkaa maalumu unaofyonza radoni kwa siku mbili hadi saba. Ni rahisi, ni vya haraka, na huko vinafaa kwa sababu maabara iko siku moja kwa posta. Kwa Nairobi nina shaka navyo, na shaka yangu inatokana na ile namba ya siku 3.8. Radoni iliyofyonzwa kwenye mkaa huendelea kuvunjika njiani. Kifurushi kikikwama wiki mbili kabla ya kufika maabara ya ng'ambo, kinachobaki ni chini ya sehemu moja ya kumi ya kilichokusanywa, na makadirio ya kurudi nyuma huwa na makosa makubwa. Isitoshe, mkaa hupenda unyevu kuliko unavyoipenda radoni, na majira ya masika si wakati wake. Alama za kwenye plastiki hazifutiki hivyo njiani. Kifurushi kinaweza kukaa forodhani na majibu yakabaki yale yale. Mtu akikuuzia kikopo cha mkaa, muulize kwanza maabara yake iko wapi na kifurushi husafirije.

Majibu yalipokuja, vyumba vya juu vilikuwa karibu na hewa ya nje, na vyumba vya watoto viliangukia kati ya namba mbili ambazo Shirika la Afya Duniani lilizitoa mwaka 2009: bekereli 100 kwa mita ya ujazo kama kiwango cha rejea kinachopendekezwa, na 300 kama kikomo pale nchi isipoweza kufikia 100. Marekani hushauri hatua ichukuliwe kuanzia takriban 148, Uingereza kuanzia 200. Tofauti hizi huwachanganya watu, wakadhani kuna mstari ambao ukiuvuka unaugua. Mstari huo haupo. Uchambuzi wa pamoja wa tafiti 13 za Ulaya, uliochapishwa mwaka 2005, ulikadiria kwamba hatari ya saratani ya mapafu huongezeka kwa takriban asilimia 16 kwa kila ongezeko la bekereli 100 katika wastani wa muda mrefu. Asilimia 16 ya nini? Kwa mtu asiyewahi kuvuta sigara, tafiti hizo zilikadiria hatari ya kupata saratani ya mapafu kufikia umri wa miaka 75 kuwa takriban asilimia 0.4 bila radoni, 0.5 kwenye bekereli 100, na 0.7 kwenye 400. Kwa mvutaji, makadirio ni takriban asilimia 10, 12 na 16. Nazitaja namba hizi kwa sababu wauzaji wa vifaa hupenda kusema asilimia 16 na kunyamaza hapo. Nyumba yenye bekereli 150 haimfanyi mtoto awe mgonjwa wa kesho. Humwongezea hatari ndogo inayoweza kupunguzwa kwa gharama ndogo. Lakini kama ndani ya nyumba hiyo kuna baba anayevuta sigara, hesabu hubadilika kabisa, na jambo la kwanza la kurekebisha si sakafu.

Marekebisho yenyewe yalikuwa ya kawaida kuliko hofu iliyotangulia. Kandokando ya bomba la maji taka, mahali linapopenya zege, palikuwa na nafasi inayoingia kidole. Ilizibwa kwa dawa ya kuzibia isiyokauka ikapasuka. Matundu ya hewa ambayo mwenye nyumba wa awali aliyapiga plasta yalifunguliwa na kuwekewa wavu wa mbu. Kama hayo yasingetosha, kuna njia inayotumika sana duniani kwa viwango vya juu: bomba hupitishwa kwenye zege hadi kwenye yale mawe ya chini, feni ndogo huivuta hewa na kuitupa juu ya paa, na shinikizo chini ya sakafu likawa dogo kuliko la chumbani, hivyo gesi haina tena sababu ya kupanda. Hadikoo ile ile iliyoikusanya gesi ndiyo huifanya njia hii ifanye kazi vizuri, kwa kuwa bomba moja huweza kuvuta hewa ya eneo pana. Mtu anayejenga sasa anaweza kulaza bomba la plastiki lenye matundu ndani ya hadikoo kabla ya kumwaga zege, akalipandisha ukutani na kuliziba juu. Ni gharama ndogo mno ukilinganisha na kukata sakafu baadaye, na feni ataiweka siku kipimo kitakapodai. Mjomba wangu anayejenga Kikuyu aliniambia, "Mwanangu, nimeshalipia dawa ya mchwa, sasa unaniletea dawa ya hewa." Bomba alililaza hata hivyo.

Baada ya marekebisho, pima tena. Hatua hii watu huiruka kwa sababu wamechoka kulipa. Kuziba ufa mmoja mara nyingine huielekeza gesi kwenye ufa mwingine, na kufungua tundu upande mmoja wa nyumba huweza kuongeza mvuto upande mwingine. Bila kipimo cha pili, kilichofanyika ni ukarabati tu. Na ningependelea anayepima asiwe ndiye anayeuza feni. Simtuhumu mtu, ni utaratibu tu, kama vile mkaguzi wa hesabu kutokuwa mhasibu wa kampuni ile ile.

Je, kila mtu Nairobi apime? Sidhani. Aliye ghorofa ya tisa Kilimani yuko mbali na ardhi, na fedha yake ingefanya kazi zaidi mahali pengine. Anayeishi kwenye nyumba ya mabati isiyo na sakafu iliyozibwa wala dari ana hewa inayopita, na ana matatizo ya moshi yanayomsumbua zaidi leo. Ningewaambia wapime wale wanaolala au kufanya kazi saa nyingi chini ya usawa wa ardhi, walio kwenye ghorofa ya chini yenye madirisha yanayoziba na matundu yaliyofungwa, walio kwenye nyumba zilizochimbwa ndani ya mteremko, na zaidi ya wote wale kati yao wenye mvutaji ndani ya nyumba. Shule za chekechea zilizokodi nyumba za zamani na kugeuza stoo za chini kuwa madarasa ningeziweka mbele ya foleni. Mpangaji ana kazi ngumu zaidi, kwa sababu mwenye nyumba hana linalomsukuma. Sijawahi kuona mkataba wa kupanga hapa unaotaja radoni, na hakuna wakili aliyewahi kuniuliza. Lakini vidubwasha vya plastiki havitoboi ukuta wala havihitaji ruhusa, na mpangaji anaweza kuhama na majibu yake.

Kenya ina watu wenye ujuzi huu. Chuo Kikuu cha Nairobi kina Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nyuklia, na Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya mwaka 2019 iliunda mamlaka ya taifa yenye jukumu la usalama wa mionzi. Kwa hiyo anayetafuta mpimaji aanze kuuliza huko, si kwenye matangazo ya mtandaoni. Kisha, kabla ya kulipa hata malipo ya awali, aulize: kifaa chako kililinganishwa lini na kipimo cha rejea, na cheti kiko wapi? Utapima kwa muda gani, na je, tutaishi kama kawaida au tutafunga nyumba? Je, kifaa chako kinaitenganisha thoroni? Utaweka kifaa cha pili sambamba, na kimoja kilichozibwa? Ripoti itaonyesha wastani pamoja na kiwango cha makosa, au namba moja tupu? Anayejibu hayo bila kukasirika anastahili kupewa funguo za vyumba vya chini. Anayekuahidi majibu kesho asubuhi, mshukuru na umlipie nauli ya kurudi.